Mfalme aliyejificha ndani ya "cheki"

Swali la juma lililopita lilitaka tutaje neno la Kiingereza tunalolitumia kila siku, na tuseme limetoka wapi. Langu ni "cheki", na lilianza kunisumbua nikiwa nimekaa kwenye benchi la zahanati.

Nilikuwa nimempeleka bibi yangu kupima presha. Muuguzi, binti mwenye haraka zake, akamwita: "Bibi, sogea hapa tukucheki." Bibi akaukaza mtandio wake, akamtazama yule binti toka miguuni hadi kichwani. "Mnicheke? Kwa lipi nililofanya?" Benchi zima likaangua kicheko, kwa hiyo bibi akachekwa kweli kabla hajachekiwa.

Njiani akaniuliza, "Mume wangu, hilo cheki lenu mmelitoa wapi?" Nikamjibu kuwa ni la Waingereza. Lilikuwa jibu la kivivu, maana Waingereza nao waliliokota tu.

Mwanzo wa check ni shah, neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme, na chombo lililosafiria ni mchezo wa sataranji, ule ambao Waingereza wanauita chess. Mchezo wenyewe ulizaliwa India. Huko uliitwa chaturanga, yaani vikosi vinne, kwa sababu jeshi lilikuwa na tembo, magari ya kukokotwa, wapanda farasi na askari wa miguu. Waajemi wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua pamoja na mengine, na kwa kuwa lugha yao haina sauti za "ch" na "g", ukageuka kuwa shatranj. Sisi tukamalizia kwa kupachika irabu zetu, kama kawaida yetu, tukapata sataranji. (Wahispania mpaka leo ile kete ya askofu wanaiita alfil, yaani tembo. Mtoto yeyote wa madrasa aliyehifadhi Suratul Fil analijua neno hilo kuliko Mhispania mwenyewe.)

Mchezaji akimtishia mfalme wa mwenzake, alitamka "Shah!" Ni kama kumwambia, mfalme wako huyo, mwangalie. Neno likavuka kwenda Ulaya. Walioandika Kilatini wakalifanya scaccus, Wafaransa wa zamani wakasema eschec, Waingereza wakakata mbele na kubaki na check. Hata jina chess ni wingi wa neno hilo hilo. Anayesema anacheza chess anasema, bila kujua, kwamba anacheza wafalme.

Sasa, kutoka mfalme hadi presha ya bibi kuna safari. Mfalme akitishiwa, mengine yote husimama: huwezi kusogeza kete unayoitaka mpaka umtoe hatarini. Kwa hiyo check ikawa kuzuia, kusimamisha, kumwekea mtu kigingi. Kutoka kuzuia ikawa kudhibiti, na anayedhibiti hulinganisha hesabu hii na ile aone kama kuna wizi au kosa. Hapo ndipo ikazaliwa maana ya kukagua, ambayo ndiyo tuliyoipokea sisi na kuifanyia tunavyotaka. Nicheki jioni. Tutachekiana. Hebu cheki huyu! Katika hizi zote hakuna ukaguzi wowote; ni kuonana, kupigiana simu na kushangaa tu.

Ila kipande ninachokipenda zaidi ni cha meza. Ubao wa sataranji kwa Kilatini cha wakati ule uliitwa scaccarium, na Waingereza wakauita exchequer. Katika karne ya 12 hazina ya mfalme wa Uingereza ilifanya mahesabu juu ya meza kubwa, ya urefu wa futi kama 10 na upana wa futi 5, yenye ukingo wa vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake ilitandikwa nguo nyeusi yenye mistari. Wakusanya mapato wa wilaya waliitwa, kila mmoja akakaa mbele ya watu wa hazina, na vidonge vya kuhesabia vikapangwa kwenye safu: safu ya peni, ya shilingi, ya pauni, ya makumi mawili, ya mamia, ya maelfu. Hesabu ilifanyika hadharani, hata asiyejua kusoma aliona kwa macho yake anadaiwa kiasi gani. Ukijaribu kujumlisha namba za Kirumi kwenye karatasi utaelewa kwa nini walihitaji vidonge. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa Mfalme Henry wa Pili, aliyaeleza haya katika kitabu chake miaka ya 1170, na mwenyewe anasema pale mezani kulikuwa na vita kama vya sataranji, kati ya mtunza hazina na mtoa hesabu. Meza imeshaondoka, jina limebaki: waziri wa fedha wa Uingereza leo anaitwa Chancellor of the Exchequer, kwa tafsiri ya kijeuri, msimamizi wa ubao wa sataranji.

Cheki ya benki nayo imo humo humo. Mwanzoni mwa karne ya 18 check ilikuwa kishina, kipande kilichobaki ofisini cha kulinganishia na karatasi iliyotoka ili kumnasa mghushi. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi yenyewe. Waingereza wakaanza kuiandika cheque kwa kuiga sura ya exchequer, Wamarekani wakabaki na check. Kwetu Kiswahili sanifu kinasema hundi, neno lililokuja na wafanyabiashara wa Kihindi, lakini hilo lina ukoo wake.

Drafti pia. Wamarekani wanaiita checkers, kwa ajili ya zile nyumba nyeusi na nyeupe za ubao. Kwenye kijiwe cha mtaani kwetu kete ni visoda, upande mmoja vimelala kifudifudi na mwingine chali, na ubao ni boksi lililochorwa kwa makaa. Kisoda kikifika mwisho kinaitwa kingi. Mfalme tena.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba sisi tulikuwa na neno hili kabla Mwingereza hajatuletea. Fungua kamusi ya Kiswahili utafute "shaha": mfalme wa sataranji, tena bingwa wa washairi, ndiyo maana tunasema shaha wa malenga. Cheki na shaha ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikuja kwa jahazi, mwingine akazunguka Ufaransa na Uingereza, wakakutana mdomoni mwetu wasijuane. Na checkmate ni shah mat. Waarabu walisikia humo mata, amekufa, ndugu wa mauti na maiti zetu. Mimi nawaamini zaidi wanaosema mat ya Kiajemi ni kukwama, kuishiwa ujanja, kwa kuwa katika sataranji mfalme haliwi. Hubanwa tu mpaka akose pa kwenda.

Yote haya nilimsimulia bibi jioni moja akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akapepeta ungo mara mbili, akauliza, "Na huyo mfalme, presha yake ilikuwa ngapi?"