Filamu fupi ya kwanza hapa Moshi: punguzeni skripti, muanze na sauti

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mko watano, wanafunzi wa chuo hapa Moshi, mna simu mbili, laptopu moja na wikiendi mbili. Hadithi yenu: kijana anashuka stendi akitokea Dar, anapanda Kibosho kwa mama yake mgonjwa, wanakwenda hospitali, usiku wanaongea habari ya kihamba, yaani shamba la migomba la familia, asubuhi anaondoka na mlima uko nyuma yake. Kurasa 12. Unauliza kama mkope pesa mkodi kamera.

Msikope. Simu nzuri ya miaka mitatu minne iliyopita inatosha kabisa kwa filamu hii. Watu watakaa mpaka mwisho au watainuka kwa sababu ya sauti, na ninyi mtamaliza kupiga au hamtamaliza kwa sababu ya urefu wa skripti. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Skripti kwanza. Ukurasa mmoja uliopangwa kwa mtindo wa filamu unakaribia dakika moja ya kutazama. Kundi jipya linahitaji kama dakika 25 kwa kila shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa: kuweka simu, kurekebisha mwanga, kufanya mazoezi, kupiga teki (marudio ya shoti ile ile) tatu au nne. Shoti 15 kwa siku ni saa sita na robo, kabla hamjala na kabla hamjahamisha vitu. Ukurasa mmoja wenye mazungumzo unameza shoti nne mpaka sita. Kwa hiyo kurasa tatu kwa siku ndio uwezo wenu, na wikiendi moja ni kurasa sita. Wikiendi ya pili iacheni tupu kwa ajili ya kurudia vilivyoharibika, na vitaharibika.

Basi kurasa 12 ziwe sita, na lokesheni tano ziwe mbili: kihamba na chumba cha mama. Stendi bakizeni shoti mbili zisizo na maneno, kijana anashuka na begi, anavuka barabara. Pale kuna wapiga debe, honi na spika za matangazo. Mazungumzo yaliyorekodiwa stendi hayaokoleki kwa programu yoyote. Hospitali itoeni yote. Kibali chake ni kigumu, na wagonjwa halisi hawakuja pale kuigizwa nyuma yenu. Ugonjwa mnaweza kuuonyesha kwa bahasha ndogo ya dawa, ile ya karatasi iliyoandikwa 1 x 3 kwa peni, imelala mezani kando ya chupa ya chai. Kamera ikae juu ya bahasha hiyo sekunde tatu. Mtazamaji wa Tanzania ameelewa, hahitaji daktari.

Halafu someni maneno ya wahusika kwa sauti kubwa, mkiwa mmekaa. Skripti za kwanza karibu zote zina mstari wa namna hii: "Mama, nimerejea kutoka jijini baada ya kusikia kwamba hali yako ya afya si nzuri." Hakuna mtoto anayemwambia mama yake hivyo. Mtoto anasema "Shikamoo mama", mama anasema "Marahaba. Umekula?", na kijana anaiangalia ile bahasha bila kujibu. Hiyo mistari miwili imefanya kazi ya nusu ukurasa. Na kama mwigizaji wenu wa mama si Mchaga, msimlazimishe lafudhi. Lafudhi ya kuigiza inasikika tangu neno la kwanza, na mkionyesha filamu hapa hapa Moshi ukumbi mzima utaangua kicheko kwenye sini (tukio) ya huzuni.

Sasa sauti. Maiki ya simu inayopiga picha isiwe maiki yenu kuu, kwa sababu iko mbali na mdomo. Simu ikiwa mita mbili kutoka kwa mwigizaji, inapokea chumba kizima pamoja naye: mwangwi wa kuta za saruji, jogoo, bodaboda ya barabarani. Nunueni au azimeni maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, ichomekeni kwenye simu ya pili, simu hiyo ikae mfukoni mwa mwigizaji ikiwa katika hali ya ndege. Maiki ikae kifuani, shubiri moja chini ya kidevu. Ibandikeni ndani ya nguo kwa plasta ya hospitali, kipande kimoja chini na kimoja juu, ili isisuguane na kitambaa. Kanga na pamba laini hazina tabu. Nailoni na kitenge kipya chenye wanga vinakwaruza kila mtu akipumua, kwa hiyo kitenge kifueni mara mbili kabla ya siku ya kupiga. Rekodini kwa kilohezi 48, na maneno ya kawaida yagonge karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu kwenye kipimo cha sauti. Mkiona yanagusa sifuri, sauti imepasuka na hairudi.

Kila teki ianze kwa kofi moja mbele ya kamera, mtu akitaja namba ya sini, shoti na teki. Kofi hilo ndilo edita atakalolitumia kulinganisha picha na sauti. Mkisahau kofi la mwanzo, pigeni la mwisho kabla ya kuzima. Na kila lokesheni, kabla ya kuondoka, wote mnyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa mahali pale. Kila chumba kina ukimya wake, na bila huo kila mnapokata kutoka kwa mama kwenda kwa kijana, sauti ya nyuma inaruka na mtazamaji anaisikia hata kama hajui ni nini.

Linalowakuta wengi hapa kwetu ni bati. Chumba kisicho na dari, chini ya bati, kinalia wakati joto linapobadilika: asubuhi jua linapoanza kulipiga, mchana wingu linapolipitia na kuachia, jioni linapopoa. Ta! Halafu kimya. Ta! Siku ya kukagua hamtaisikia, masikio yenu yameshaizoea toka utotoni. Maiki inaisikia, nayo daima huangukia katikati ya neno. Tafuteni chumba chenye silingi bodi, au pigeni mapema kabla jua halijalifikia paa. Mvua ikianza juu ya bati, fungeni kazi. Hata ya rasharasha inafunika sauti ya mtu mzima. Msipange ratiba ndani ya masika, Machi mpaka Mei, kama mnaweza kuikwepa.

Ndiyo maana nasema ukaguzi wa lokesheni ufanyike siku ile ile ya wiki na saa ile ile mtakayopiga. Jumamosi saa nne na Jumapili saa nne ni dunia mbili tofauti: Jumapili kuna kwaya na spika za kanisa. Kaeni ndani dakika kumi, macho yamefungwa, mmoja aandike kila anachosikia. Adhana ya adhuhuri inapita karibu na saa sita na nusu au saa saba, ya alasiri karibu na saa kumi. Pangeni chakula na mapumziko hapo. Fundi wa kuchomelea mlango wa tatu, muulizeni anafanya kazi siku gani. Friji zimeni, na funguo za nyumba wekeni ndani ya friji hiyo, ili asitokee mtu wa kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena.

Upande wa picha nitakwenda haraka. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Simu nyingi huja zikiwa 30, na umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo tyubulaiti na balbu rahisi zinaleta michirizi inayotambaa kwenye picha. Programu ya bure kama Blackmagic Camera inawaruhusu kufunga shata, mwanga na rangi visibadilike katikati ya shoti. Pimeni mwanga kwenye uso wa mwigizaji. Mkimweka mlangoni mgongo wake ukiwa nje, simu inaufuata weupe wa nje na uso unakuwa kivuli. Mgeuzeni, dirisha liwe ubavuni mwake, na upande wa giza shikeni shuka jeupe au ubao wa povu mita moja kutoka usoni. Msitumie lenzi ya kawaida kwa kumsogelea mtu karibu sana, pua inavimba. Rudini nyuma mita moja na nusu au mbili, na kama simu ina lenzi ya kuvuta mara mbili tumieni hiyo. Futeni kioo cha lenzi kila saa. Kidole chenye mafuta ya chapati kimeharibu shoti nyingi kuliko giza.

Kwenye migomba kuna jambo la peke yake. Mwanga unashuka ukiwa wa kijani, umekatika madoadoa, na simu iliyoachwa ijiamulie rangi inabadili ngozi ya mtu kila anapopiga hatua. Fungeni rangi (white balance) kwenye kelvini 5600, na mazungumzo yafanyike mahali penye kivuli kizima. Madoadoa yabaki kwa shoti ya kutembea. Kati ya saa tano na saa nane jua liko karibu utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo. Saa hizo ingieni ndani.

Sini ya usiku msiipige usiku. Simu gizani inaleta chenga. Zibeni madirisha kwa mablanketi mazito, washeni balbu moja ya njano mezani, pigeni asubuhi na mapema wakati bati bado limenyamaza. Mkitaka shoti moja ya nje ya nyumba ikiwa na taa dirishani na anga ya bluu, muda wenu ni kama dakika 20 baada ya jua kuzama. Kwetu karibu na ikweta giza halisubiri. Kila kitu kiwe kimeshasimama kabla, na lengeni shoti moja tu.

Meza ya mama na kijana ichoreeni mstari wa chaki sakafuni, kutoka kiti mpaka kiti. Kamera ibaki upande mmoja wa mstari kwa sini nzima. Ikivuka, kwenye kioo wote wawili watatazama upande mmoja kama abiria wa daladala, na mazungumzo yatakufa. Pigeni kwanza shoti pana ya sini yote, kisha mama peke yake sini yote, kisha kijana peke yake. Na mtu wa kontinyuiti, anayehakikisha vitu havibadiliki kati ya shoti na shoti, apige picha ya meza kila teki inapokwisha. Kikombe cha chai ndicho kinachowaumbua watu: kwenye shoti pana kimejaa, karibu kiko nusu, wakirudi kimejaa tena. Mwambieni mama anywe kwenye neno lile lile kila mara, au asinywe kabisa.

Kazi zenu watano: dairekta, kameramani, wa sauti, wa kontinyuiti na kofi, na prodyuza anayeshughulika na chakula, ratiba na majirani. Dairekta asiigize. Wa sauti avae hedifoni muda wote, awe na mamlaka ya kusema "turudie" bila kubishiwa. Kuhusu waigizaji, wengi mtawatoa kwenye maigizo ya kanisani au jukwaani, nao wamezoea kufikisha sauti mpaka benchi la nyuma. Waambieni waongee na mtu aliye mita moja. Teki ya kwanza watapunguza kidogo, ya tatu ndiyo mtaitumia.

Vibali visiachwe mpaka mwisho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali, kwa hiyo chukueni barua ya chuo mwende ofisi ya utamaduni ya halmashauri mapema, halafu kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Droni ina kibali chake cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Sare za polisi na jeshi msiziguse. Wimbo wa redioni msiutumie hata ukiwa unapigwa nyumba ya pili, kwa sababu ya Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya 1999 na kwa sababu matamasha, ZIFF ya Zanzibar ikiwamo, yanataka filamu ambayo haki zake ni zenu. Kuna vijana wa kwaya na gitaa kila mtaa. Andikishianeni karatasi moja, wote wasaini.

Mafaili: kwa megabiti 50 kwa sekunde, dakika moja inakula MB 375. Shoti 15, teki nne, sekunde 40 kila moja, ni dakika 40, yaani GB 15 kwa siku. Jioni hiyo hiyo nakilini sehemu mbili tofauti, fungueni faili tatu nne muone kama zinacheza, ndipo mfute simu. Kabla ya kuhariri, pitisheni video zote kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, mkichagua kasi ya fremu isiyobadilika. Simu huyumbisha fremu zenyewe, na msipofanya hivyo midomo na maneno vitaachana taratibu kadiri shoti inavyorefuka, mtadhani maiki ndiyo mbovu. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha kwa kila kitu, ila laptopu iwe na RAM GB 16. Ikiwa nayo ndogo, tengenezeni nakala nyepesi za video za kuhariria.

Na shoti ya mlima, kwa kuwa naona ndiyo inayowakaa moyoni. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haingoji ratiba. Siku nyingi mlima unaonekana alfajiri mpaka kama saa tatu asubuhi, kisha mawingu yanaufunika, na pengine unafunguka tena jioni. Juni na Julai unaweza kukaa siku kadhaa bila kuuona. Hiyo shoti iwe ya kwanza kabisa siku ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu, begi na nguo za siku ya kuondoka zikiwa zimeandaliwa usiku, hata kama kwenye hadithi ni ya mwisho. Ukifunguka siku ya pili, mwacheni mama na chai yake, mtoke mkaipige, mrudi.