Miaka tisa na ua moja: jibu kwa ndugu anayenunua madaftari

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una madaftari zaidi ya 40 kabatini, mengine hayajaandikwa hata ukurasa mmoja, kwamba huwezi kulipita duka la vifaa vya kuandikia bila kuingia kushika karatasi na kujaribu kalamu, na kwamba shemeji zako wamekutaka ama uigeuze hali hiyo iwe biashara ama uiache, kwa kuwa mtu mzima mwenye watoto hana sababu ya kutumia fedha kwa vitu visivyo na faida. Ukauliza kama yupo mwenzako mwenye hali kama hiyo na anaishije nayo. Yupo. Mimi ni karani wa ghala hapa Tanga, nina umri wa miaka 46, na kwa miaka tisa sasa ninalea ua moja, liitwalo urujuani wa Afrika, ambalo haliliwi, halitibu, wala halinukii.

Niseme kwanza kwamba hali hii si ngeni kwetu. Bibi yangu mzaa mama aliishi Pangani, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichaka kimoja cha asumini ambacho mtoto hakuruhusiwa kukigusa. Kila siku baada ya sala ya alasiri alichuma tumba zilizokuwa bado zimefumba, akazitunga kwenye uzi moja moja, kwa sababu asumini hufunguka usiku, na anayesubiri ifunguke mtini ndipo aichume huambulia maua yaliyokwisha kunyauka. Alijua kwa kugusa tu tumba ipi itafunguka usiku ule na ipi ingali changa. Vikuba vyake hakuviuza. Alivaa mwenyewe, akampa jirani, na siku nyingine aliviweka tu juu ya mto wa kulalia. Sikumbuki mtu yeyote kumwuliza anapata nini. Nadhani swali hilo limeingia katika maisha yetu baadaye, na limetuharibia mengi.

Mimi nilianza mwaka 2016. Nilikwenda Lushoto kwenye msiba, na katika nyumba tuliyofikia, ya mwalimu mmoja mstaafu, nikaona dirishani kopo la siagi lenye mmea mdogo wa majani manene yenye vinyweleo, na katikati yake maua ya zambarau iliyoelekea bluu, kila moja likiwa na petali tano na vitone viwili vya manjano. Yule mama aliponiona nimesimama pale kwa muda mrefu, alikata jani moja, akalifunga kwa kitambaa kibichi, akaniambia, "Mwanangu, ukifika Tanga lichomeke tu kwenye udongo, nalo litajua la kufanya." Sikuamini kwamba jani tupu, lisilo na mzizi wala jicho, linaweza kuwa mmea. Nililichomeka kwa kumheshimu.

Akaniambia pia kwamba asili ya ua hilo ni kwetu, nikadhani ananifurahisha. Baadaye nilisoma na kukuta amesema kweli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka ua hilo kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya mimea ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 alilipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha. Wajerumani hadi leo huliita urujuani wa Usambara, na Waingereza huliita urujuani wa Afrika, ingawa halina undugu na urujuani wa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni moja ya bustani ya Los Angeles, Armacost & Royston, iliotesha mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua aina 10 zilizokuja kuwa wazazi wa aina nyingi zinazouzwa leo, na kufikia mwaka 1946 Wamarekani walioshikwa na mapenzi ya ua hilo walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Streptocarpus. Sisi tunaolilea bado tunatumia jina la zamani. Ule mmea wa kwenye kopo la siagi ulikuwa wa aina iliyozalishwa ng'ambo. Jambo hilo lilinigusa sana: ua lililoondoka kwetu likazunguka dunia na kurudi likiwa na maua makubwa zaidi, na mimi niliyezaliwa na kukulia Tanga nilikuwa sijawahi hata kulisikia.

Mmea wangu wa kwanza ulikufa kwa sababu niliumwagilia kila siku kama mchicha. Pale katikati majani yanapoanzia palioza, pakawa laini kama ndizi iliyopitiliza. Wa pili niliumwagia maji ya friji siku ya joto kali nikidhani ninauburudisha, na majani yakajaa madoa ya njano ambayo hayakutoka tena. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba mmea huu hukaa juu ya miamba msituni, penye kivuli na unyevu, na kwamba mizizi yake ni mifupi na inahitaji hewa kuliko inavyohitaji maji. Leo natumia makumbi ya nazi niliyoyasaga na kuyaloweka mara tatu ili chumvi itoke, pamoja na mboji iliyoiva na mkaa uliopondwa. Chini ya kila kopo nimetoboa tundu na kupitisha uzi wa nailoni, ncha moja ikiwa ndani ya udongo na nyingine ndani ya chupa ya maji. Ni koroboi ile ile tuliyosomea utotoni, ila kinachopanda kwenye utambi ni maji badala ya mafuta ya taa, nao mmea hunywa kiasi unachokitaka. (Uzi wa pamba usiutumie, huoza kabla ya miezi michache kwisha.)

Ila nataka nikueleze habari ya jani, kwa sababu hapo ndipo ilipo raha yenyewe. Nakata kwa wembe mpya, kwa mshazari, nikiacha kikonyo cha sentimita tatu hivi, nachomeka, nafunika kwa chupa iliyokatwa nusu, kisha nangoja. Wiki tatu au nne za mwanzo hakuna kinachoonekana, ingawa ukilivuta jani kidogo sana unahisi limeshika, yaani mizizi imetoka. Baada ya hapo ni kungoja tena, wiki ya sita, ya nane, ya kumi, na hakuna mbolea wala dua ya kuharakisha. Halafu asubuhi moja unafunua na kukuta kando ya kikonyo kitu cha kijani kisichozidi punje ya mchele, na ukiinama na kukitazama vizuri unaona kwamba ni majani mawili yaliyokamilika, na tayari yana vinyweleo vyake. Mara ya kwanza kuliona hilo ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na nilimwamsha mke wangu. Alikuja akiwa na usingizi, akatazama, akanyamaza, kisha akasema, "Kana kucha." Mtoto mchanga naye huzaliwa na kucha zake zote, na hakuna aliyezichonga.

Hapo ndipo na mimi nilipoingia katika ulimwengu wako wa madaftari. Nilihitaji kujua jani lipi lilikatwa lini, nikanunua kaunta buku la kwaya mbili, nikalipiga safu kwa rula: tarehe, alama ya mmea mama, jani lilitoka safu ya ngapi, siku ya mizizi, siku ya mtoto wa kwanza, idadi ya watoto. Naandika kwa penseli, kwa sababu mikono yangu saa hizo huwa imelowa na wino hutawanyika. Sasa niko kwenye kaunta buku la tatu. Kutokana na kurasa hizo nimejua kwamba majani ninayoyakata Juni na Julai hunipa watoto wengi kuliko ya Januari na Februari, miezi ambayo joto la Tanga hulifanya jani lilegee kabla halijaota mizizi. Hayo sikuyasoma popote. Niliyaona kwa kushuka na kidole kwenye safu moja ya daftari. Kwa hiyo unaposema kwamba unapenda jinsi penseli inavyokamata kwenye karatasi nzito na kuteleza kwenye karatasi laini, nakuelewa kabisa. Jumapili jioni napiga mistari ya wiki inayofuata, na kazi hiyo ya nusu saa nimekuja kuipenda karibu sawa na maua yenyewe.

Sasa nije kwenye la shemeji zako, kwa maana na mimi niliwahi kulifuata shauri kama hilo. Miaka minne iliyopita mpambaji mmoja wa maharusi alipita nyumbani, akaona dirisha langu, akaagiza makopo 60 yenye maua. Nilifurahi, na ndugu zangu walifurahi zaidi. Lakini alitaka yote yawe yamechanua Jumamosi moja, na ua hili halipangiwi Jumamosi. Kwa miezi mitano niliacha kutazama nikawa nahesabu. Mmea uliochelewa niliuona mvivu, na uliowahi niliukasirikia kwa kuwahi. Niliporudi nyumbani kutoka likizo fupi nikakuta wadudu weupe kama pamba wamekwisha kuingia kwenye makopo karibu nusu, kwa kuwa nilikuwa nimeyasonganisha kuliko inavyofaa, na kwa mara ya kwanza niliingia chumba kile nikiwa natamani nisingeingia. Nilimwomba radhi yule mpambaji na kumrudishia malipo yake ya awali. Mimea iliyopona niliigawa mtaani bure. Ilipita miezi mingi kabla sijapata hamu ya kukata jani jingine, na hamu hiyo ndiyo hasara niliyoiogopa kuliko fedha.

Ndiyo maana nakuambia bila kusitasita: usiifanye biashara. Biashara ni kitu kizuri na wapo wanaouza maua na madaftari kwa moyo safi, lakini wewe hukuuliza namna ya kuongeza kipato. Una kazi inayokulipa mshahara. Hicho kingine kiache kibaki mahali pasipo na mteja wala tarehe ya kukabidhi mzigo, na ukiulizwa kinakulipa nini, jibu kwamba hakilipi, bila aibu na bila maelezo marefu.

Tena watu hubadilika. Mama mkwe alipokuja kututembelea mara ya kwanza baada ya dirisha kujaa, alizunguka akitazama makopo kisha akaniuliza, "Mkwe wangu, haya yanaliwa?" Nikamjibu, "Hapana, mama, hayaliwi." Akatikisa kichwa, na hakusema neno zaidi kwa siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta amevuta kiti mpaka dirishani, miwani usoni, akigeuza kopo moja polepole ili upande ulio kivulini upate mwanga, jambo ambalo mimi hulifanya kila wiki na ambalo sikuwa nimemweleza. Aliondoka na majani mawili kwenye kitambaa.

Mwaka jana nilipanda kwenda Amani, kupitia Muheza, kwenye hifadhi ya msitu wa Usambara Mashariki, kwa ajili ya kuliona ua hili pale linapoota lenyewe. Mwongozaji wetu alitupeleka kando ya kijito, akaonyesha mwamba uliofunikwa na kuvumwani, na pale, kwenye udongo usiozidi unene wa kidole, lilikuwepo. Lilikuwa dogo kuliko yangu, rangi yake imepauka kidogo, maua matatu tu. Nililala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa ili niyatazame kwa usawa wa macho, na wenzangu wakaenda mbele wakaniacha. Miaka yote ya kutunza makopo ilinifundisha cha kutafuta: niliona jinsi majani yalivyojipanga yasizibane mwanga, nikaona mmea mwingine mchanga umechipuka kutoka kwenye jani lililokatika na kuangukia ufa wa mwamba. Sikuchuma hata kimoja, na nakuomba wewe na yeyote atakayekwenda msichume, maana aina kadhaa za jamii hii huishi katika vipande vidogo sana vya msitu, na miti ya juu ikikatwa jua hufika kwenye mwamba na kukausha kila kitu. Nisingekuwa na lile jani la Lushoto, ningeupita mwamba ule nikitafuta nyani.

Kuhusu fedha shemeji zako wana hoja, na nisingependa uipuuze. Mimi nimejiwekea kiasi cha mwezi, mke wangu anakijua, na kikiisha kimeisha. Kwa upande wako ningeanza na yale 40 kabla ya kununua la 41. Chukua lile unaloliogopa zaidi kwa uzuri wake, fungua ukurasa wa pili kama wa kwanza unakutisha, na uandike kitu unachokiona kila siku: mvua, bei ya nyanya, saa aliyoamka mtoto. Ukikosa cha kuandika, pita Tanga. Njoo na kopo lenye kifuniko, nami nitakukatia jani la safu ya pili, kwa kuwa la chini kabisa limezeeka na la katikati bado changa. Tarehe ya kulichomeka utaiandika mwenyewe, kwa penseli.