Umeshusha pikapu ikaanza kutetemeka? Pima pembe ya propela kwanza

Pikapu ikishushwa, yaani bodi ikisogezwa karibu na ardhi, na kuanza kutetemeka ikifika kilomita 70 kwa saa, fundi wa kwanza atakwambia ubalansi matairi, wa pili atakutuma ukanunue krosi (kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha za propela) mpya, wa tatu atasema mauntingi za injini zimekufa. Nimewaona watu wengi hapa Mbeya wakizungushwa hivyo kutoka Mwanjelwa hadi Uyole, hela inaisha na mtetemo uko palepale. Kama gari lilikuwa limetulia na likaanza kutetemeka baada tu ya kushushwa, usinunue kitu chochote mpaka umepima pembe za propela shafti, lile bomba refu linalopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma.

Krosi ikifanya kazi kwa pembe, haipitishi mzunguko kama ilivyoupokea. Gia boksi inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini propela iliyoko upande wa pili wa krosi inaongeza kasi na kupunguza, mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikikua, na huko kuongeza na kupunguza kunakua. Krosi ya nyuma, ile ya kwenye difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma), ndiyo inayorekebisha: inafanya kinyume cha ile ya mbele, difu inapokea mzunguko uliotulia. Itafaulu tu kama pembe yake inalingana na ya mbele, na kama masikio ya propela yanayoshika krosi, ya mbele na ya nyuma, yamekaa kwenye mstari mmoja. Hilo la masikio ni jambo la kuangalia mapema kabisa, kwa sababu mtu akichomoa propela kwenye meno yake bila kuweka alama, ni rahisi kuirudisha ikiwa imepishana, na hapo hata pembe ziwe sahihi vipi gari litatetemeka. Kumbuka pikapu ya kawaida ikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, propela inazunguka mara 2,500 hivi kwa dakika. Kosa dogo kwenye mwendo huo unalisikia mpaka kwenye kiti.

Hakikisha basi kwamba ni propela kweli. Tafuta barabara iliyonyooka na tambarare, kama ile ya kutoka Chimala kwenda Igawa, uende kwenye mwendo ule gari linapotetemeka. Ubadilishe gia ukiwa kwenye mwendo uleule: mtetemo ukibaki vilevile, injini haihusiki. Kisha kanyaga mafuta, halafu achia. Matairi hayajali mguu wako uko wapi. Mtetemo unaobadilika ukikanyaga na ukiachia unatoka kwenye propela, maana difu inapopokea nguvu pua yake inanyanyuka na pembe inabadilika. Na usukani ukitetemeka peke yake, angalia matairi ya mbele. Nakuomba usifanye majaribio haya kwenye mteremko, na usiweke nyutro Kitonga wala Inyala kwa sababu yoyote ile. Wenzetu wengi wameishia kwenye milima hiyo.

Kushusha kwenyewe si lazima kuharibu pembe. Kwenye gari ambalo ekseli inakaa juu ya springi, ukiweka vipande vya chuma vya unene uliolingana kati ya ekseli na springi, pua ya difu inabaki ikiangalia kulekule. Tatizo linakuja pale ekseli inapohamishwa kutoka chini ya springi kwenda juu yake, na vikalio vipya vya springi vikachomelewa kwa kukadiria kwa macho. Linakuja pia kwa kubadilisha shako (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi), au kupunguza majani ya springi, kwa sababu springi ikiinama, difu inainama nayo.

Kupima hakuhitaji mashine. Weka gari mahali tambarare, likiwa limesimama kwa matairi yake, wala usilinyanyue kwa jeki chini ya chasisi ekseli ikaning'inia. Simu yenye programu ya kupima nyuzi inatosha ukiiegemeza kwenye uso uliokerezwa. Pima mteremko wa kwenda nyuma sehemu tatu: gia boksi inapotokea, propela yenyewe, na pua ya difu. Kama propela ni ya vipande viwili, kipande cha mbele kinachukua nafasi ya gia boksi katika hesabu hii.

Tuseme gia boksi inateremka nyuzi 3, propela nyuzi 1, difu nyuzi 6. Pembe ya krosi ni tofauti ya sehemu mbili inazounganisha: ya mbele inafanya kazi kwa nyuzi 2 (3 kutoa 1), ya nyuma kwa nyuzi 5 (6 kutoa 1). Hapo ndipo mtetemo unapotoka. Pembe za krosi zinatakiwa ziwe kati ya nyuzi 1 na 3, na tofauti kati ya mbele na nyuma isizidi nyuzi 1. Pembe ya sifuri nayo ni mbaya, kwa sababu sindano za ndani ya krosi hazitembei, zinachimba sehemu moja. Katika mfano huu ningeweka kabari ya nyuzi 4 kati ya springi na ekseli, difu ibaki na nyuzi 2, pungufu kidogo ya zile 3 za gia boksi. Gari la springi za majani linahitaji nafasi hiyo, pua ikinyanyuka ukikanyaga mafuta, mambo yanalingana.

Sasa upande wa kabari, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Kama ekseli iko juu ya springi, unene wa kabari ukiwa mbele unanyanyua pua ya difu. Kama ekseli iko chini ya springi, unene ukiwa mbele unaishusha. Tumia kabari ya chuma. Ya alumini inabonyea na kulegeza yubolti (bolti zinazofunga ekseli kwenye springi), na kwa barabara zetu siiamini hata kidogo.

Anayebeba viazi kutoka Njombe au Isongole apime gari likiwa na mzigo wake wa kila siku. Mzigo unanyoosha springi, na pembe uliyoipata bila mzigo siyo utakayoendesha nayo. Angalia pia meno ya propela yana nafasi ya kuingia ndani: propela ikilala inasukumwa kwenda gia boksi, na ikigota inavunja beringi. Raba ya senta beringi (inayoshika katikati ya propela ya vipande viwili) iliyochanika ibadilishwe, na kama propela imewahi kukatwa na kuchomelewa, ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kubalansi.

Ukimaliza, nenda Tukuyu na kurudi, kisha kaza yubolti zote upya gari likiwa na mzigo.