Rockferry ni ya 2008, si ya miaka ya sitini

Wapo wanaodhani Rockferry, albamu ya mwimbaji Duffy, ni ya miaka ya sitini iliyotolewa upya. Hapana, si ya zamani. Ilitoka Machi 2008, na mwimbaji mwenyewe alizaliwa Wales mwaka 1984. Kinachowachanganya wengi ni mlio wake: fidla nyingi, mwangwi mzito, na sauti inayomkumbusha mtu Dusty Springfield, mwimbaji Mwingereza wa miaka ya sitini. Mlio huo ulitafutwa makusudi. Ninayo CD yake, na kijitabu cha ndani kinamtaja Bernard Butler, aliyewahi kuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Uingereza, Suede, kwenye nyimbo kadhaa, ukiwemo ule uliobeba jina la albamu. Wimbo wa Mercy, uliokaa namba moja Uingereza wiki tano, Duffy aliutunga na Steve Booker. Jina lenyewe la albamu linatokana na Rock Ferry, kitongoji cha mji wa Birkenhead, Uingereza.

Ila ukisema ndiyo kazi ya Duffy ya kwanza kabisa, hapo si sawa. Mwaka 2004 alishatoa EP, yaani rekodi fupi yenye nyimbo chache, kwa Kiwelisi, lugha ya Wales. Rockferry ni albamu yake kamili ya kwanza, na ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka ule. Usikilize wimbo wake wa Warwick Avenue kwa spika nzuri, zile fidla zinastahili.