Duara la Chuchu Lililotanuka Baada ya Upasuaji wa Matiti: Tafuta Chanzo Kabla ya Kurekebisha

Miezi kadhaa baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza na kuinua matiti, niliona kwamba duara jeusi linalozunguka chuchu ya kushoto limetanuka na kuwa na umbo la yai, ilhali la kulia lilibaki dogo na la mviringo. Nimekwisha kurekebishwa na nimeridhika. Ninamwandikia mwanamke anayejitazama kwenye kioo wakati huu akiamini kwamba dawa yake ni kurudi upesi kwenye chumba cha upasuaji: asirudi mpaka ajue ni kitu gani kilichotanua duara hilo.

Katika upasuaji wa aina hii, daktari huchora duara la ndani, ambalo kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 38 hadi 45, na duara la nje lililo kubwa zaidi, kisha huondoa ngozi iliyo kati yake na kuvuta kingo hizo mbili mpaka zikutane. Kadiri tofauti ya maduara hayo inavyokuwa kubwa, ndivyo mshono unavyobeba mvutano mkubwa zaidi, na ngozi inayovutwa mfululizo hutanuka pamoja na kovu lake. Hata hivyo, si kila duara linaloonekana kubwa lina tatizo la ngozi. Ikiwa titi moja lina ujazo mkubwa kuliko jingine, au pandikizi la silikoni limehama kutoka mahali pake, duara husukumwa kutoka ndani na chuchu huanza kuelekea pembeni. Hapo kupunguza duara peke yake ni kazi bure, kwa kuwa kilicho chini yake kitalitanua tena.

Ndiyo maana ninasisitiza sana vipimo. Duara la chuchu lina misuli laini ambayo hujikunyata kwa baridi au kwa kuguswa, kwa hiyo ukipima mara tu unapovua nguo, au ukipima titi moja baada ya kuligusa, utapata namba zisizolingana. Kaa kwanza katika chumba chenye joto la wastani, kisha simama wima huku mikono ikiwa imening'inia pembeni, na umwombe mtu unayemwamini akupime kipenyo cha juu kwenda chini na cha upande hadi upande. Apime pia umbali kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo hadi kwenye chuchu, na kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo ulio chini ya titi. Kwangu mimi, duara la kushoto lilikuwa na milimita 52 kwa 44 na la kulia lilikuwa na 42 pande zote, lakini umbali hadi kwenye chuchu ulilingana. Daktari aliposoma vipimo hivyo na kunikagua, alieleza kwamba matiti yenyewe yalikaa sawa na kwamba kilichohitaji kuguswa ni ngozi tu.

Kusubiri ni sehemu ya matibabu. Uvimbe hauondoki kwa usawa pande zote mbili, na kovu huendelea kubadilika kwa muda mrefu, kwa hiyo madaktari wengi hupendelea kungoja kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kurekebisha. Kusubiri huko hakuhusu dalili za hatari: chuchu ikigeuka rangi na kuwa ya samawati au nyeusi isivyo kawaida, mshono ukitoa usaha, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Marekebisho ya ngozi peke yake mara nyingi hufanyika kwa sindano ya ganzi, bila nusukaputi. Uliza kama daktari atatumia uzi usioyeyuka, unaopitishwa kuzunguka duara lote na kukazwa kama kamba ya mdomo wa mfuko, kwa sababu uzi huo ndio unaobeba mvutano wakati kovu linapokomaa. Mpelekee ripoti ya upasuaji wako wa kwanza, maana ni lazima ajue chuchu inapata damu kupitia upande upi kabla hajakata tena. Mweleze kama unavuta sigara, kama unatarajia kunyonyesha, na kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu ya keloidi, yaani yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Mwambie pia akueleze waziwazi kuhusu uwezekano wa kupoteza hisia kwenye chuchu. Mimi hisia zangu zilipungua kwa muda, kisha zikarudi.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kwa kawaida duara kubwa ndilo hupunguzwa lilingane na dogo, kwa kuwa kuongeza ngozi yenye rangi ile ni vigumu. Ikiwa lililo dogo mno ndilo linalokusumbua, au kovu limeacha ukingo mweupe, tatuu ya rangi inayochorwa na mtaalamu aliyezoea ngozi yenye makovu inaweza kulipanua kwa macho bila kukata chochote. Rangi hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita na huhitaji kurudiwa, na haipaswi kuchorwa kabla kovu halijatulia, la sivyo itashika kwa mabaka.