Wasomaji Wanauliza: Sanaa ya Michezo ya Video Chuoni

Swali: Nimepata nafasi ya kusomea sanaa ya michezo ya video, lakini mkono wangu ni mzito katika kuchora. Je, nibadili kozi? Na kompyuta iwe ya namna gani? *(Mwanafunzi mtarajiwa)*

Jibu: Usibadili. Anayebuni sura za wahusika hana pa kukwepea penseli, ila anayejenga majengo, magari na silaha kwa 3D anahitaji zaidi jicho la kupima uwiano na kusoma mwanga. Jicho hilo hufunzwa. Tenga nusu saa kila siku: michoro ya miili, dakika mbili kwa kila mmoja, kisha masanduku yanayotazamwa kutoka pembe tofauti.

Kuhusu kompyuta, RAM ya GB 16 ndiyo chini kabisa, na GB 32 itakupa nafasi ya kupumua. Tafuta kadi ya michoro yenye memori yake yenyewe, GB 8 ikiwezekana. Laptopu isiyo na kadi hiyo itafungua Blender (programu ya kuunda modeli za 3D) bila taabu, kisha ikwame ukiingia Unreal Engine (injini, yaani programu ya kujengea na kuendeshea michezo). Kibao cha kuchorea kisicho na skrini kinatosha. Programu usikimbilie kununua: Blender ni ya bure, na Maya, programu nyingine ya 3D, hutolewa bure kwa wanafunzi waliothibitishwa.

Swali: Nimeunda kasha la mbao. Modeli nzito ina pembetatu milioni mbili, nyepesi ina 600. Nilipooka ramani ya normali (picha inayohamishia modeli nyepesi mabonde na matuta ya modeli nzito), mistari ilijitokeza kwenye kingo, na madoa meusi karibu na vitasa. Ndani ya Unreal, matundu ya misumari yamegeuka vipele! Mwalimu anasema nirudie, hasemi nirudie nini. *(Mwaka wa kwanza)*

Jibu: Una magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake.

Vipele ndivyo rahisi kuliko vyote. Ramani ya normali huandikwa kwa mitindo miwili, OpenGL na DirectX, na tofauti yake ni chaneli ya kijani tu (sehemu ya picha inayobeba rangi ya kijani): moja ni kinyume cha nyingine. Blender na Unity (injini nyingine) hufuata OpenGL, Unreal hufuata DirectX. Fungua tekscha hiyo (picha inayofunika modeli) ndani ya Unreal, geuza chaneli ya kijani, matundu yatarudi kuwa matundu. Hakikisha pia haisomwi kama picha ya rangi ya kawaida (sRGB), la sivyo mwanga utaanguka ovyo.

Mistari inatokana na kingo kali. Nyuso mbili zikikutana kwa ukingo mkali, UV zake (nyuso za modeli zilizokunjuliwa bapa ili zipokee tekscha) lazima zikatwe hapohapo, kama fundi anavyokata kitambaa kwenye pindo, na vipande viachiane nafasi. Kwa tekscha ya pikseli 2048, acha pikseli 16 hivi. Nafasi hiyo si ya urembo: kasha likiwa mbali, injini hutumia nakala ndogo ya tekscha, na vipande vilivyobanana huanza kuambukizana rangi.

Madoa ni kosa la miale. Wakati wa kuoka, programu hurusha miale kutoka kwenye gamba linaloizunguka modeli nyepesi. Gamba likiwa pana mno, miale ya ubao inagonga kitasa kilicho jirani. Likibana mno, sehemu za modeli nzito zinabaki nje. Tenganisha vitasa na kasha, uvipe majina yanayolingana katika modeli zote mbili, kisha uoke kwa kulinganisha majina.

Kabla ya kurudia, fanya haya kwa mpangilio huu: thibitisha vipimo vya modeli (katika Blender, Ctrl+A kisha uchague skeli), kagua kama kuna nyuso zilizogeukia ndani, halafu gawa kila uso kuwa pembetatu. Hatua ya mwisho hurukwa na wengi. Uso wa pembe nne unaweza kukatwa kwa mshazari huu na programu moja, na kwa mshazari mwingine na nyingine, na hapo ramani iliyookwa vizuri huonekana imepinda.

Na milioni mbili kwa kasha? Ni nyingi, lakini hazikudhuru, kwa kuwa haziingii kwenye mchezo.

Swali: Jalada la kazi za kuombea ajira liwe na kazi ngapi? *(Mwaka wa mwisho)*

Jibu: Nne hadi sita, za aina unayotaka kuajiriwa kuifanya. Kazi dhaifu itoe, hata kama ilikula miezi mitatu. Anayekagua hukupima kwa iliyo mbaya kuliko zote. Picha zipigwe ndani ya injini ya mchezo. Kando ya kila moja onyesha waya za modeli (mistari inayounda nyuso zake), UV, tekscha, na idadi ya pembetatu. Kama mlifanya kikundi, andika waziwazi: "nimejenga mlango na ngazi, mwanga si wangu."