Barua kwa Mwanangu Aliyeuliza Kama Yeye ni Dhaifu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na sikutaka kuujibu kwa simu kwa sababu ungenikatiza katikati.

Umesema kila usiku unajiahidi kulala mapema, na kila usiku saa saba inakukuta bado unaperuzi simu. Hucheki, hujifunzi kitu, hata hukumbuki ulichokiona, ila huachi. Umesema pia kwamba kazi uliyoihangaikia muda wote ule umeipata, ukashangilia, na sasa imekuwa kazi tu. Ukamalizia: “Mama, mimi ni dhaifu, au sijui kushukuru?”

Hapana kwa yote mawili. Ninavyoona mimi, hayo mawili yana mzizi mmoja: akilini mwetu, kukitaka kitu na kukifurahia ni shughuli mbili tofauti, na zinaweza kuachana bila sisi kujua.

Utacheka mama yako akikuletea habari za panya, lakini nivumilie. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote ubongoni. Dopamini ni ile ambayo watu wamezoea kuiita kemikali ya raha. Panya wale waliacha kula. Chakula kipo mbele yao na hawakisogelei, wangekufa njaa kama wasingelishwa. Lakini walipodondoshewa maji ya sukari ulimini, walijiramba midomo kama panya wazima. Raha ilikuwepo palepale. Kilichokosekana ni msukumo wa kuifuata.

Wewe umepatwa na kinyume chake. Msukumo upo tele, raha haipo. Kila ukitelezesha kidole huenda kuna kitu kizuri, huenda hakuna, na zawadi isiyotabirika huchochea hamu kuliko ile unayoijua saa yake. Wanaotengeneza programu hizo wanalijua hilo vizuri sana, wala usidhani unapambana na uvivu wako peke yake.

Halafu kuna mazoea, ambayo hayasubiri hata hiyo hamu. Utafiti ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili ulichapishwa mwaka 2011 na David Neal, Wendy Wood na wenzao. Watu waliingia ukumbi wa sinema wakapewa bisi. Wengine walipewa mpya, zilizokaangwa muda mfupi kabla, wengine walipewa zilizokaa siku saba. Waliozoea sana kula bisi sinemani walikula zile chakavu kiasi kilekile na zile nzuri, ingawa wenyewe walisema hazina ladha. Watu wa aina hiyohiyo walipowekwa katika chumba cha mikutano, bisi mbovu waliziacha. Na hata ndani ya sinema, walipotakiwa kula kwa mkono wasiouzoea, ulaji wao wa bisi chakavu ulipungua. Kiti kilekile, giza lilelile, ila mkono umebadilishwa, na akili ikapata nafasi ya kuuliza: hivi ninakula nini?

Hapo ndipo kosa la ushauri mwingi lilipo. Watu wanakwambia ujikaze, uwe na nia. Nia yako haina kasoro. Inafika saa saba na nusu mkono umeshafanya kazi yake. Mazoea husikiliza mahali, saa, na kitu kilicho karibu, wala maneno ya kujigombeza hayayafikii. Kwa hiyo usishindane nayo kitandani. Simu iwe chumba kingine. Ukisema kengele ya kuamkia imo ndani ya simu, tafuta saa ya mezani. Na badala ya kuahidi “leo nitalala mapema”, ahidi jambo lenye mlango wa kuingilia: “nikimaliza kupiga mswaki, nachomeka simu sebuleni.” Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mpango wa namna hiyo, ukitokea hivi nitafanya vile, hutekelezwa kuliko nia tupu. Mswaki huusahau, basi ukukumbushe na la simu.

Itachukua muda gani? Usiwaamini wanaosema mazoea hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa na jambo jipya dogo la kufanya kila siku. Mtu wa katikati alikadiriwa kuhitaji siku 66 mpaka jambo lianze kujiendesha lenyewe; wa haraka siku 18, wa polepole 254. Mimi kilichonifurahisha humo ni kitu kingine: kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Siku ukiteleza, umeteleza siku moja, hujarudi mwanzo.

Naliweka hili kwa sababu uliandika kwamba unajichukia asubuhi. Acha, na wala sisemi hivyo kwa kukudekeza. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walitoa matokeo kuhusu wanafunzi waliochelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza. Waliojisamehe ndio waliopunguza kuahirisha walipofika mtihani wa pili. Kujichukia kunachosha, na aliyechoka anatafuta cha kumpumbaza, nacho kiko mkononi.

Sasa kazi. Shangwe ile ilikuwa ya kufika, na akili haikuumbwa kubaki imeshangaa. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu, wakaona furaha yao haikuwazidi sana watu wengine wa maeneo yao, na mambo madogo kama kuzungumza na rafiki yaliwapa raha pungufu. Watu 22 ni wachache, na huwa nakereka ninapoona utafiti ule ukitumiwa kuhubiri kwamba mafanikio ni upepo. Utafiti mkubwa zaidi wa Uswidi, uliochapishwa 2020, ulikuta walioshinda fedha nyingi wanaridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka zaidi ya kumi. Furaha yenyewe iliguswa kwa kiasi kidogo kuliko kuridhika huko. Kwa hiyo inawezekana kabisa kazi hii imekuinua, nawe huoni kwa sababu unaipima kwa ile shangwe ya siku ya barua ya ajira.

Ipime kwa kitu kingine. Tulipozungumza mara ya mwisho ulinisimulia jinsi unavyomfundisha yule kijana mgeni ofisini, alivyokosea, alivyouliza, mlivyocheka. Cheo chako hukukitaja hata kidogo. Hiyo ndiyo raha, na ilikuwa inapita mbele yako huku unaitafuta kwingine. Omba upewe zaidi ya kazi ya namna hiyo kabla hujaanza kutamani cheo kinachofuata.

Jambo moja nataka unijibu kwa ukweli. Ukiwa mbali na simu, vile ulivyovipenda bado vinakupa raha? Mpira, rafiki zako, muziki? Kama navyo vimepoa, na huzuni imekaa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, hayo si mazoea tena. Hiyo yaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Muone daktari, usisubiri barua yangu nyingine.

Kama si hivyo, basi umepata bahati ambayo hujaiona. Umesema unahama nyumba mwezi ujao. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilimpa mtafiti Lee Robins kazi ya kuwafuatilia wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule. Ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kurudi, takriban asilimia 5 tu ya waraibu hao walikuwa wamerudia uraibu, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Sababu hazikuwa moja, lakini kila kilichowakumbusha sindano na moshi kilikuwa kimebaki ng'ambo ya bahari. Kama hayo yaliwezekana kwa heroini, simu haitatushinda.

Kwa hiyo usianze leo kwa hasira katika chumba kile kile. Usiku wa kwanza kwenye nyumba mpya, kabla hujafungua maboksi, chagua soketi ya simu sebuleni uache chaja hapo hapo. Kitabu kimoja kiwe juu ya boksi la mwanzo, kile ulichoniambia hukukimaliza. Na wikiendi ya kuhama nitakuja kusaidia kubeba. Niambie tu ni Jumamosi au Jumapili.

Mama yako